Namna ya Kutazama Majani Mwazye Bila Kukamatwa

Kila ikifika Oktoba, ndugu zetu walioko Marekani na Japani hututumia picha wakiwa chini ya miti yenye majani mekundu. Shingoni skafu, mkononi kahawa, usoni tabasamu la mtu aliyeomba likizo ikakubaliwa. Huko Vermont watu huendesha gari siku nzima kwenda kutazama majani yanavyogeuka rangi. Wajapani wana desturi hiyo kwa karne nyingi, na siku hizi kampuni za utabiri wa hewa huwatangazia wiki ambayo rangi za kila mji zitakuwa zimekolea. Wewe uko Sinza, feni imezimika pamoja na umeme, unabonyeza alama ya moyo.

Acha kujidhalilisha. Mwezi huohuo, mkoani Rukwa, miombo inatoa rangi zote hizo: nyekundu iliyoiva, shaba, waridi, dhahabu, na haiulizi viza. Tofauti ni kwamba Vermont utawakuta watazamaji wenzako, na huko mtu haulizwi anatazama nini. Mwazye utakuwa peke yako, na mtu mzima anayesimama peke yake porini akiutazama mti lazima ana jambo lake. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uone ulichokifuata, kisha urudi kwako bila kuandikisha maelezo popote.

Mwazye ni kijiji cha misheni kwenye uwanda wa Ufipa, wilaya ya Kalambo. Kwa upande wa rangi nyekundu hakidaiwi na mtu: Polycarp Pengo alizaliwa hapa tarehe 5 Agosti 1944, na mwaka 1998 Papa Yohane Paulo wa Pili akamvika kofia ya ukardinali. Baada ya nyekundu hiyo, ukiwaambia wenyeji kwamba umepanda basi kutoka Dar es Salaam kuja kuona nyingine iliyo juu ya mti, wavumilie wanapokuangalia.

Anza kwa kujua unachokwenda kukitazama, maana utaulizwa. Kwa wenzetu wa nchi za baridi jani hupata rangi likiwa linakufa. Siku zinafupika, mti unauondoa ukijani wake, njano iliyokuwa imejificha inaonekana, nyekundu inatengenezwa dakika za mwisho, kisha jani linadondoka na watu wanaandika mashairi. Miombo imefanya mambo kwa utaratibu wake. Yenyewe hupukutika katikati ya kiangazi bila mtu kushughulika, halafu, wiki kadhaa kabla ya mvua, wakati jua linachoma na udongo umekauka mpaka jembe linarudi juu, inachipua. Jani linazaliwa jekundu. Klorofili, yaani ule ukijani, bado haijafika; imetanguliwa na rangi iitwayo anthosianini, inayolikinga jani changa na jua. Maji ya kazi hiyo mti umeyaweka akiba kwenye shina, na mengine mizizi inayafuata chini sana. Kwa hiyo huzuni uliyoiandaa kwa ajili ya picha zako iache nyumbani. Hapa hakuna kinachokufa, labda betri ya simu.

Wakati ndio kila kitu. Usije Julai. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na upepo wa uwandani hauna adabu kwa mtu wa pwani. Utarudi na mafua na picha za nyasi kavu. Usije Desemba pia. Desemba kila kitu ni kijani, barabara za vumbi zimeshakuwa tope, na kila mkono uko shambani, ukiwemo wako kama hukuwa mwangalifu. Njoo kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Novemba. Tarehe kamili hakuna atakayekupa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili, lakini jani halimo katika taarifa. Mtaalamu wako ni mrina asali. Yeye anaifuatilia miombo kwa sababu ikichipua na kutoa maua nyuki wanapata kazi, naye anapata ada. Mpigie simu, umsalimie vizuri, uulize habari za watoto, za mama, za mizinga, na mwisho kabisa, kama jambo lililokupitia tu kichwani, uulize kama miti imeshaanza. Ukianza na swali la miti atajua unataka bei ya asali, na atakupa bei.

Safari yenyewe haina mengi. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Unapitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Wengine wakishuka kuelekea Zambia, wewe bado una kilomita 223 za lami mpaka Sumbawanga. Ukikaa na mzee anayeikumbuka njia hiyo kabla ya lami, atakusimulia siku alizolala njiani. Sikiliza, usibishane, na usimwambie unakwenda kutazama nini. Sumbawanga ulizia gari la Mwazye, na ukae dirishani.

Hapo dirishani ndipo wengi huanza kudai nauli yao. Miti iko wapi? Uwanda wa Ufipa uko wazi: nyasi, mashamba ya mahindi, maharage, ulezi, alizeti, ng'ombe, na anga kubwa kuliko mahitaji. Usikate tamaa, na usimlaumu mtu wa mkaa peke yake, ingawa amejitahidi. Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Walijenga tanuru za udongo za kuyeyushia chuma, malungu, ndefu kuliko mtu mrefu, zilizovuta hewa zenyewe bila viriba, na tanuru ya namna hiyo haishibi kwa vijiti. Kabla yao walikuwepo wengine wenye hamu na miti. Mwaka 2023 wanaakiolojia walitangaza katika jarida la Nature kwamba karibu na maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri wa miaka ipatayo 476,000. Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea duniani. Hata hivyo, kiumbe fulani alisimama mahali pale, akautazama mti, na hakusema umependeza. Alisema huu utafaa. Tangu siku hiyo msimamo wa eneo zima kuhusu miti haujabadilika sana, na wewe ndiye unayekuja na wazo jipya.

Miombo unayoitafuta imebaki vilimani na pembezoni, pale uwanda unapokatika. Upande wa magharibi ardhi inateremka kiasi cha mita elfu moja kwenda Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki inateremka hivyohivyo kwenda Ziwa Rukwa, na mteremko haulimiki kirahisi kama tambarare. Basi fuata mteremko. Atakayekuambia uende Mbizi, milima iliyo karibu na Sumbawanga mjini, anakutakia mema lakini amekupoteza: ule ni msitu wa mlimani usiopukutika, na chekundu utakachokiona huko ni mbega wekundu, wanaokimbia. Majani yana faida kwamba yanasubiri.

Sasa sehemu ngumu. Kabla hujatazama jani hata moja, pita ofisi ya kijiji. Mtendaji atakupa kitabu cha wageni, kile chenye mistari iliyochorwa kwa rula na kalamu ya bluu: tarehe, jina, cheo, utokako, dhumuni, saini. Shida iko kwenye dhumuni. Waliokutangulia wameandika "Ukaguzi wa mradi wa maji", "Chanjo ya mifugo", "Kufuatilia marejesho". Ukiandika "Kutazama majani", mtendaji atakigeuza kitabu, asome, kisha akugeuzie tena kimyakimya ili urekebishe. Ukiandika "Utafiti", utaulizwa kibali cha COSTECH. Ukiandika "Utalii", utaulizwa gari liko wapi na mzungu wako yuko wapi. "Kusalimia ndugu" ni jibu zuri mpaka aulize ndugu gani, kwa kuwa anawajua wote na nusu yao ni wa kwake. Andika "Mapumziko". Hakuna atakayeelewa mtu anapumzikaje Oktoba, lakini hakuna kanuni inayokataza.

Kitabu ukishakimaliza, kumbuka kwamba watu wanaotazama miti kwa makini wanajulikana, na ni wa aina nne. Kuna mnunuzi wa mkaa. Kuna mtu wa mbao anayeutafuta mninga. Kuna ofisa wa misitu anayewatafuta hao wawili. Na kuna tajiri wa mjini anayetaka ekari. Kila mmoja ana dalili zake: wa mkaa huuliza barabara, wa mbao hugonga shina, ofisa hupiga picha, na tajiri haangalii juu kabisa, anaangalia mipaka. Kwa hiyo usiulize barabara, usiguse shina, usipige picha siku ya kwanza, na unapotembea usipige hatua zinazolingana, utadhaniwa unapima. Njia salama ni kwenda na kijana wa pale pale, umlipe ujira wake kama mtu yeyote wa kazi. Atakaa chini ya mti akichezea simu huku wewe unatazama, na wapita njia watamwuliza yeye. Majibu yake usiyasikilize.

Mavazi. Nguo nyekundu na za rangi ya machungwa zitakufanya upotee kwenye picha zako mwenyewe. Nguo za bluu na nyeusi huwavutia ndorobo, na ukishuka bondeni ambako wapo utaelewa kwa nini mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu. Viatu vyeupe viache Sinza. Porini moto umeshapita, na vishina vya nyasi vilivyoungua vinasimama wima, kila kimoja kikiwa na ncha ya mkaa. Baada ya mwendo mfupi suruali yako itakuwa imechorwa mistari myeusi kuanzia kifundo cha mguu hadi gotini. Mistari hiyo usiikung'ute, itaenea.

Kuhusu huo moto: kila utakayemwuliza atakuambia ulitoka kijiji jirani. Ukienda kijiji jirani utaambiwa ulitoka hiki. Wachungaji wanapenda nyasi changa zinazoota baada ya kuungua, mwindaji anapenda kuona mbali, mkulima alikuwa akisafisha shamba na upepo ukabadilika. Hakuna aliyeuwasha. Wewe kubali maelezo yote, halafu ujue kwamba moshi ndio unaoamua saa zako za kutazama. Mchana, saa sita hadi saa tisa, vumbi na moshi vinaifanya milima yote iwe ya rangi ya ugoro, na mtu aliyekuja saa hizo ndiye atakayekwenda kusema Rukwa hakuna kitu. Nenda saa moja asubuhi, au saa kumi na moja jioni jua linapoanza kuingia upande wa ziwa. Simama mahali ambapo jani liko kati yako na jua.

Hapo tazama. Nasema hivyo kwa sababu wengi wakifika wanaanza kutafuta pembe ya kupigia picha. Vuta tawi la chini. Jani la mwombo lenye siku chache halijui kusimama. Vijani vyake vyote vimelegea, vinaning'inia kama kanga iliyoanikwa bila kukamuliwa, na ukivishika ni vyororo na vya baridi kidogo ingawa hewa yote inachoma. Mishipa yake inaonekana kwa jua ikiwa imekolea nyekundu, na katikati ya mshipa na mshipa rangi inapauka kuelekea waridi. Mti ulio jirani, wa jamii ileile, umekuwa wa shaba. Wa tatu umeshaanza kuingiwa na kijani cha limau kwenye matawi ya juu. Hakuna miwili iliyokubaliana, na ndiyo maana kilima kizima kinaonekana kama hakikufanya kikao. Katikati ya yote mninga umesimama mtupu, au umevaa maua ya njano bila jani hata moja, kwa kuwa nao una ratiba yake.

Halafu utasikia mlio. Tak! Kisha kimya, kisha tak! nyingine mbali kidogo. Usilale chini. Ni maganda ya mbegu za mwaka uliopita. Yamekauka juani mpaka nusu mbili za ganda zinajikunja kwa nguvu, zinaachana, na mbegu inarushwa mbali, bapa na ya kahawia, kubwa kiasi cha shilingi. Ukitazama chini utayaona maganda yenyewe yamejiviringa kila mahali juu ya majivu. Kijana wako atakuwa amezoea. Wewe ruka mara ya kwanza, hiyo inaruhusiwa, ila usiruke kila mara.

Kutazama kusizidi saa moja kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo mtu atakuja kukusaidia. Kwa kawaida ni bibi anayerudi na kuni, na mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kununua maharage?"

"Hapana bibi, nimekuja kuangalia miombo inavyochipua."

"Una mizinga?"

"Sina, bibi."

"Unachoma mkaa?"

"Hapana, bibi."

Atakutazama, atautazama mti, atakutazama tena. Kisha atamwambia mtoto aliye nyuma yake: "Kimbia nyumbani, waambie wasonge ugali. Huyu ametoka mbali na hajala."

Usikatae. Utakula ugali, maharage ya Ufipa ambayo ndiyo sababu inayoeleweka ya kuja huku, na ukibahatika migebuka iliyopandishwa kutoka Kasanga. Ila jihadhari na siku ya tatu. Methali ya mgeni na jembe kila Mswahili anaijua, lakini wengi wetu tunaitumia kwa mzaha. Kwenye uwanda huu, Oktoba, watu wanasomba samadi kwa mikokoteni, wanapanga tanuru za matofali kabla mvua haijawakuta, wanawazoesha maksai wapya kukokota jembe, na mkoa wenyewe ni miongoni mwa inayolisha nchi mahindi. Mtu mwenye mikono miwili anayesema yuko mapumzikoni hawezi kufichika muda mrefu. Ukipewa jembe, lipokee kwa mikono miwili. Utagundua kwamba shamba unalopelekwa liko ukingoni mwa pori, na kwamba ukiinua mgongo kupumzika unayaona majani vizuri kuliko ulipokuwa umesimama siku mbili zilizopita bila kazi.

Siku ya ziada wengi huitumia kwenda maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Maji yanaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 220, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya maporomoko ya Victoria, na jambo hilo lirudie kwa kila mtu, maana halijatangazwa vya kutosha. Kumbuka tu kwamba Oktoba mto umepungua, kwa hiyo urefu utaupata wote na maji utapata sehemu yake. Korongo lenyewe lina miti kwenye kuta, na saa za jioni utapata nyekundu, mwamba, na mstari mwembamba mweupe katika picha moja. Ukingoni pale usirudi kinyumenyume kwa ajili ya kujipiga picha. Hilo si mzaha.

Kuna onyo jingine, na hili ni la muda mrefu: usimwambie mtu yeyote mwenye cheo kwamba umefurahi. Nchi hii inajua kutunza kitu cha msimu ikiamua. Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na watu wanaiita Bustani ya Mungu. Lakini kati ya ua na hifadhi kuna kamati, na jani la mwombo halina miezi ya kuisubiri. Fikiria lenyewe linakaa na rangi yake wiki mbili tatu hivi. Kikao cha kwanza kitaunda kamati ndogo. Kamati ndogo itakwenda ziara ya mafunzo. Bajeti itapita, fulana zitachapishwa, maturubai yatapatikana, mgeni rasmi atathibitisha, ataahirisha, atatuma mwakilishi. Ili gari la mwakilishi lipite itafyekwa njia, na ili maturubai yakae itafyekwa miti michache, ile iliyo karibu na barabara, ambayo ndiyo mizuri. Siku ya uzinduzi kilima kitakuwa kijani kabisa, mvua itanyesha juu ya spika, na risala itasomwa kuwaomba wananchi wapande miti ya kivuli.

Basi yaliyobaki ni picha. Utazituma kwenye kundi la ukoo, kwa sababu ndiko picha zote huishia, na hapo uwe mwangalifu kuliko ulivyokuwa kwa mtendaji. Mlima mzima wa rangi nyekundu na shaba, moshi nyuma, ardhi nyeusi chini: shangazi atakuwa wa kwanza. "Jamani, poleni na moto." Binamu ataweka mikono iliyokunjwa. Mtu atauliza kama nyumba ya babu imepona, ingawa babu yenu ni wa Tanga. Mweka hazina hatachelewa. Atafungua orodha ya michango, jina lake la kwanza, elfu kumi, ameahidi. Andika upesi kwamba hayo ni majani machanga, kabla mjomba wa Mbagala hajatuma elfu tano. Pesa ya mjomba hairudishwi, na ikishaingia itabidi moto uwepo.